Klachi ya Mwendo wa Ng'ombe

Siku ya kwanza kazini sikushika spana. Foromani wa gereji ile ya Kitengela, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, alinipa karai la pleti za klachi zilizochanganyika, kipande cha kioo cha dirisha na kitambaa, akaniambia nitenge nzima na mbovu. Hakuniambia nitazijuaje. Nilikuwa kijana wa darasa la nane, nimetoka Ukambani ambako kazi yangu ilikuwa kufyatua matofali, na tofali zuri hujulikana kwa rangi. Basi nami nikatenga kwa rangi. Nyeusi nikazitupa upande wa mbovu, zinazong'aa nikazipanga upande wa nzima. Saa nne foromani akaja akaangalia mafungu yangu.

"Umetenga kwa kutumia nini?"

"Macho, bosi."

"Hayo ni macho ya kununua nyanya. Leta kioo."

Akachukua pleti moja ya chuma kutoka fungu la nzima, inayong'aa kama sahani ya harusi, akailaza juu ya kioo na kuibonyeza pembeni kwa kidole. Ikayumba. Joto lilikuwa limeipinda. Kisha akaokota nyeusi kutoka fungu la mbovu, akaipangusa, akaibana kwa venia, kile kipimo cha chuma cha kupimia unene. Unene wake ulikuwa kamili. Weusi ulikuwa wa oili tu. Mafundi wengine walicheka mpaka mmoja akaangusha nyundo. Foromani hakucheka. Alisema, "Pima kwanza, halafu useme," akaenda zake.

Neno hilo nilitembea nalo miaka yote ya kazi. Hapa nitaeleza pia jinsi nilivyolisahau siku nilipolihitaji kuliko siku zote.

Kwa wasiojua, klachi ndiyo inayoshikanisha injini na gurudumu la nyuma, na ndiyo inayoviachanisha. Ndani kuna pleti zilizopangwa kama chapati kwenye sufuria: moja ina mabaka ya kushika, inayofuata ni chuma kitupu, tena ya kushika, tena chuma. Springi zinazibana pamoja. Ukivuta mkono wa klachi kwa vidole vya kushoto, springi zinalegea na pleti zinaachana. Ukiachilia, zinashikana na pikipiki inaondoka. Pleti zikishindwa kushikana tunasema klachi inateleza: injini inalia, gurudumu halisikii.

Foromani alitufundisha kuanza nje kwenda ndani. Klachi ikiteleza, tazama kebo kama imekazwa mno. Halafu oili, kwa sababu pleti zinaogelea ndani ya oili ya injini, na waendeshaji wengi walikuwa wakitia oili ya magari, ambayo huwa na utelezi usiofaa kwa pikipiki. Halafu springi. Pleti ni za mwisho. Mtu akikimbilia pleti kabla ya oili, foromani alikuwa akisema, "Umemwaga sabuni sakafuni, sasa unalaumu viatu."

Wakati huo spea zilikuwa chache. Baadaye yakaanza kuja maboksi ya kila rangi, na maneno mawili yakaingia midomoni mwetu: jenuini, yaani spea ya kampuni iliyotengeneza pikipiki yenyewe, na kopi, yaani nyingine zote. Kutoka hapo kila mteja aliuliza swali moja. Fundi, nitoe ya kampuni niweke kopi, ama ningoje jenuini?

Jibu nilianza kulipata Kajiado. Nilipelekwa huko kutunza pikipiki za mradi mmoja wa mifugo, zilizotumiwa na maafisa wa chanjo. Mkubwa wangu alikuwa Afisa wa Usafiri, mama mmoja mrefu aliyevaa miwani kwa kamba. Siku niliyoripoti aliniambia akiwa amesimama, "Fundi, hapa hatuweki kopi. Nikikuta kopi nitakuandikia barua." Nikasema sawa.

Jenuini zilikuwa zikitoka Nairobi, na Nairobi haikuwa na haraka. Pikipiki ya afisa mmoja wa chanjo ilikaa juu ya matofali wiki tatu ikingoja pleti. Kila Jumatatu alikuja, akaizunguka mara moja kama mtu anayekagua kaburi, akaniambia, "Fundi, ng'ombe hajui jenuini. Anajua chanjo." Jumatatu ya tatu nikaenda kwa Afisa wa Usafiri. Nilimwambia kuna seti ya kopi mjini, nimeiazima dukani, nadhani inafaa.

"Unadhani?"

"Ndiyo, madam."

"Mimi sisaini kudhani."

Akatoka ofisini, akaja mpaka mezani kwangu, akanitazama nikipima seti ile pleti moja baada ya nyingine. Unene ulikuwa sawa. Masikio ya pembeni yaliingia kwenye nafasi zao bila kucheza. Juu ya kioo hazikuyumba. Akanipa daftari. "Andika ulichopima. Jina lako liwe chini, si langu."

Pikipiki ile ilikwenda. Ilipokuja tena kubadilishwa oili niliifungua nikapima. Pleti zilikuwa zimeisha haraka kuliko za kampuni, ila zimeisha sawasawa, bila kuungua. Nikampelekea habari hiyo.

"Sikukuuliza," alisema.

"Najua, madam."

Alivua miwani, akaivaa tena. "Basi endelea hivyo."

Mradi ulipoisha nilirudi Kitengela na kufungua gereji yangu pamoja na mke wangu, marehemu Kalekye. Mimi nilikuwa nyuma na spana, yeye mbele kwenye dirisha la spea. Watu walitutania kwamba hiyo ni serikali ya mume na mke: mimi nasema kitu kimekufa, yeye anauza kingine. Kwa sababu hiyo tulijiwekea utaratibu. Mimi naandika kwenye kipande cha boksi kinachohitajika, yeye anauza kilichoandikwa, hakuna zaidi. Jenuini zilikaa rafu ya juu na kopi rafu ya chini, na kabla mtu hajafungua mdomo Kalekye alikuwa ameshamwambia, "Hii ni kopi, baba. Usije ukasema hukuambiwa." Vitu vyote nilivyovitoa kwenye pikipiki alivitia kwenye mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, akaandika jina la mwenyewe kwa kalamu nene. Mteja alipewa mkebe wake aende nao. Asipoutaka, Kalekye aliuweka. Nilimwambia mara nyingi kwamba tunafuga vyuma vikuukuu. Alinijibu, "Havili nyasi."

Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Wangu ni wa mtu aliyeacha shule mapema.

Mzee Parsaloi alifika siku ya soko, gereji imejaa. Alikuwa Mmaasai wa upande wa Isinya, ndani kidogo ya lami, mwembamba, mguu wa kulia ukiwa umenyooka kama ubao. Alikuwa ameanguka korongoni miaka ya nyuma, nyonga ikaunga vibaya. Pikipiki yake ilikuwa safi kuliko ya mwendesha boda yeyote niliyemjua. Kwenye foku ya mbele, vile vyuma viwili vinavyoshika gurudumu, alikuwa amefunga kipande cha bomba la maji, na ndani ya bomba ilisimama fimbo yake.

"Sopa, fundi."

"Epa, mzee. Imefanya nini?"

"Inalia lakini haiendi."

Nilikaza macho kwenye kebo, ilikuwa sawa. Oili ilikuwa ya pikipiki, nayo sawa. Nilipofungua kifuniko harufu ya kuungua ilinipiga usoni. Pleti za kushika zilikuwa zimegeuka makaa. Kwa mawazo yangu pikipiki inayounguza namna hiyo ni inayobeba magunia ya saruji, au watu wanne na mbuzi.

"Unabeba nini, mzee?"

"Sibebi kitu."

Sikumwamini. Waendeshaji wote husema hawabebi kitu. Nilikuwa na wateja sita wanangoja, na nilikuwa na boksi jipya nililokuwa nalisifu kwa kila mtu: seti ya kopi ya kazi nzito, pleti ngumu pamoja na springi nne ngumu, zilizotengenezwa kwa ajili ya kupanda na mzigo. Nikaliandika kwenye kipande cha boksi. Springi zake za zamani nilizitoa nikazitupa kando bila kuzipima. Naandika jambo hili wazi. Venia ilikuwa mfukoni mwangu.

Kalekye alisoma nilichoandika. "Baba Mwikali, umemuuliza anaenda wapi nayo?"

"Nimemuuliza anabeba nini."

"Sikuuliza hivyo."

Nikamwambia auze. Akauza. Zile springi za zamani akazitia kwenye mkebe, akaandika *Parsaloi*.

Wiki mbili baadaye pikipiki ilirudi juu ya pikapu. Aliyeiendesha pikapu hiyo ni mwanawe, Lemayian, mtu mzima aliyekuwa na kazi mjini hapa. Mzee alishuka polepole. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba, na kiwiko kimechunika.

"Fundi," alisema, "nilikuletea maksai. Wewe umenirudishia fahali."

"Imefanya nini?"

"Kuvuta ni kama kukaba shingo ya mtu. Nikiachilia kidogo inaruka. Imeruka nyuma ya Narok, Narok akaingia kwa waya ya mtu, mimi nikabaki chini kama gunia ya mahindi."

Narok alikuwa ng'ombe wake mweusi. Hapo tu ndipo nilipojua pikipiki ile ilikuwa ikifanya kazi gani. Mzee hakuweza kutembea kupita lango la boma lake. Alikuwa akichunga kwa pikipiki. Alifuata ng'ombe wake kwenda majini na kurudi, kwa mwendo wao, akiwa ameshika klachi nusu muda wote, kwa sababu gia ya kwanza ikiachiliwa kabisa inakwenda haraka kuliko ng'ombe. Nusu klachi ni pleti kusuguana bila kushikana. Ndiyo sababu ziliungua bila mzigo wowote. Alikuwa ameniambia ukweli.

Lemayian alinishika bega akanivuta nyuma ya tangi la maji. Alisema kwa sauti ndogo, "Fundi, mwambie mzee hii pikipiki imeisha. Nimeshaongea na mjomba wangu kule Illasit. Jumamosi lori inakuja kubeba ng'ombe, zikae huko kwake. Yeye atulie nyumbani. Mimi nikimwambia ni matusi. Fundi akimwambia ni ukweli."

"Na kama haijaisha?"

"Iishe isiishe, yeye ndiye ameisha." Halafu akatazama chini. "Sisemi hivyo kwa ubaya. Leo nimemwokota kwa njia. Kesho nitamwokota wapi?"

Nilisimama pale na kitambaa mkononi. Kijana hakuwa mbaya. Na mimi nilikuwa nimepewa njia ya kutoka. Neno moja tu, imeisha, na hakuna mtu ambaye angefungua kile kifuniko tena na kuona nilichofanya. Mwana angenishukuru. Mzee angeniamini. Ng'ombe wangekwenda Illasit, na yeye angekaa kwenye kigoda langoni akitazama njia waliyopitia. Nilimwona Kalekye dirishani. Hakuwa akisikia, lakini alikuwa ameacha kuhesabu boliti.

Nikarudi kwa mzee. "Mzee, pikipiki ni nzima. Aliyekosea ni mimi. Nilikuwekea klachi ya kubeba saruji."

Lemayian alisonya. Mzee akaanza kucheka polepole. "Fundi amekosea? Hiyo sijawahi kuskia hapa Kitengela. Hata daktari hasemi."

"Unaweza kuitengeneza?" aliuliza mwanawe.

"Sijui bado."

"Jumamosi ni siku nne."

"Najua."

Walipokwenda nilichukua ule mkebe. Springi nne, nikazipima urefu moja moja, nikalinganisha na kitabu cha kampuni. Zote zilikuwa nzima. Nilikuwa nimetoa springi nzima, laini, zinazoufaa mkono wake, nikaweka za kumvimbisha. Kalekye alinitazama nikipima mpaka ya nne.  Angenilaumu ingekuwa nafuu.

Baadaye, akifunga dirisha, alisema, "Nenda ukaone hizo ng'ombe zinatembea aje."

Kesho yake nilikwenda Isinya. Mzee aliazima pikipiki ya jirani, ya aina ileile ya yake, nami nikatembea nyuma yake kwa miguu. Nimetengeneza klachi nyingi maishani, lakini hiyo ilikuwa mara ya kwanza kutembea nyuma ya moja. Njia ilipita kati ya nyua za mashamba yaliyouzwa, waya huku, waya huku, ng'ombe wakienda kwa mstari. Yeye aliwaita kwa majina, Narok, Nanyokie, Naibor, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na watu wa nyumbani. Mguu mzima ulikuwa tayari kushuka, mguu mbovu umenyooshwa mbele. Vidole viwili vya kushoto havikutoka kwenye mkono wa klachi hata mara moja. Kwenye korongo njia ilipanda, na hapo injini ililia na klachi ikanuka. Ng'ombe wa nyuma wakageuka kutazama.

"Hapa ndipo inaungua," nilimwambia.

"Hapa ndipo nilivunjika pia," alisema. "Korongo hii inanijua."

Nilihesabu hatua za ng'ombe na kulinganisha na gurudumu. Njiani nikirudi jibu lilikuja, na lilikuwa dogo. Tatizo halikuwa klachi hata kidogo. Gia ya kwanza ilikuwa ndefu mno kwa kazi yake. Kwenye injini kuna gurudumu dogo lenye meno linalovuta mnyororo, tunaita sproketi ya mbele. Ukiweka yenye meno machache zaidi, pikipiki inapunguza mwendo na kuongeza nguvu. Ikipunguza vya kutosha, mtu anaachilia klachi kabisa, na pikipiki inatembea kama ng'ombe, bila kusugua kitu.

Sproketi ya meno machache kampuni haikuitengeneza kwa pikipiki ile. Hiyo ilibidi iwe kopi. Nilipima tatu dirishani kwa Kalekye, mbili zikacheza kwenye shafti, ya tatu ikakaa imara. Springi nikamrudishia zake mwenyewe. Pleti za kushika nikataka jenuini, kwa sababu zinashika kwa upole, na pale panapohitajika nusu klachi kidogo zinavumilia joto. Kalekye alikuwa na seti moja rafu ya juu. Niliandika kwenye kipande cha boksi, na chini nikaandika kwamba kosa ni langu, nikatia jina. Alisoma, akakunja kile kipande, akakitia kwenye mfuko wa aproni.

Ijumaa mzee alikuja kuichukua. Nilimweleza ubaya wake kabla ya uzuri. "Kwa lami itakuwa mvivu na itapiga kelele. Utapitwa hata na baiskeli."

"Mimi naenda wapi na haraka?"

Akavuta mkono wa klachi kwa vidole viwili, akaachilia, akavuta tena. Aliendelea kuvuta na kuachilia kama mtu anayesalimiana na rafiki asiyetaka kumwachia mkono.

Jumamosi lori lilikuwa limeshafika bomani nilipowasili. Lemayian alikuwa amekubaliana na baba yake: akienda majini na kurudi bila kuanguka, lori litarudi tupu. Dereva alisema yeye anangoja mpaka saa sita, akalala kwenye kiti na miguu nje ya dirisha.

Ng'ombe walitoka. Mzee akatia gia ya kwanza na kuachilia klachi kabisa, na mkono wa kushoto akauweka pajani. Pikipiki ikaanza kutembea. Siwezi kuieleza zaidi ya hivyo, ilitembea. Sauti ya injini ilikuwa moja, haipandi wala haishuki, na ng'ombe waliizoea kabla hatujafika ua wa pili. Lemayian na mimi tulifuata kwa miguu, yeye na viatu vya ofisi.  Tulipokaribia korongo nilijikuta nimefunga ngumi.

Mzee hakugusa klachi. Pikipiki iliinama ikapanda, jiwe kwa jiwe, nyuma ya mkia wa Narok. Narok alitikisa sikio moja. Hakugeuka.

Wakati wa kurudi mzee alipiga mluzi njia nzima. Dereva tulimwamsha. Lemayian alimletea chai, akaongea naye kidogo, na lori likageuka tupu kurudi barabarani. Kisha akaja kwangu akipangusa vumbi kwenye viatu.

"Umeniongezea kazi, fundi. Nilikuwa nachunga mzee peke yake. Sasa nachunga mzee anayechunga ng'ombe."

Lakini alinipa mkono, na alinishika kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo Kalekye alibadilisha maandishi ya mikebe. Chini ya jina aliongeza kazi ya pikipiki, na chini yake mahali inapokwenda. *Mwalimu. Abiria mmoja. Mteremko wa shule. Mama wa maziwa. Madumu manne. Isinya mpaka Kitengela. Pasta. Hana mzigo. Rongai.* Hakuniambia kwamba huo ni utaratibu mpya. Aliuliza tu kila mteja kupitia dirisha, na mteja alipofika kwangu nyuma alikuwa ameshaulizwa. Ukiniuliza leo kama utoe spea za kampuni uweke kopi, nami nitakuuliza kama Kalekye: unaenda wapi nayo? Nimeona jenuini zikiungua kwa sababu ya kazi isiyo yake, na nimeona kopi zilizopimwa vizuri zikizeeka kwa heshima. Mwenye kuchagua si boksi.

Kalekye aliugua mwaka mmoja, na alikufa asubuhi, nikiwa nimemshika mkono. Sitaandika zaidi juu ya hilo. Baada ya mazishi nilirudi gerejini nikakuta dirisha limefungwa na mikebe imepangwa kwenye rafu, kila mmoja na mistari yake mitatu. Niliendelea kwa muda. Kisha macho yakaanza kunisumbua kusoma venia, na fundi asiyesoma kipimo anaanza kudhani. Nikawaachia gereji mafundi wawili tuliofanya kazi pamoja miaka mingi, mmoja wao mwanamke mwenye masikio mazuri kuliko yangu. Nilijiachia pikipiki moja tu ya kutengeneza, ya Mzee Parsaloi.

Sina malalamiko. Nina chumba, nina binti anayenipigia simu kila Jumapili akiniuliza nimekula nini, na watu wa mtaa bado wananiita fundi. Asubuhi huwa naamka nikitega sikio kusikia dirisha la spea likifunguliwa. Halifunguliwi, nami nachemsha chai.

Mwezi uliopita Mzee Parsaloi alikuja. Amezeeka sana, lakini fimbo bado iko kwenye bomba lake. Hakuwa amekuja nyumbani kwetu tangu mazishi. Aliketi kwenye kiti changu, mimi nikafungua kifuniko cha klachi kwenye mwanga wa mlangoni, kwa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Pleti zilikuwa zimefika mwisho wake. Springi zilikuwa zilezile. Nikazipima.

"Hizo bado ni nzima?"

"Bado, mzee."

"Na wewe?"

"Asubuhi huwa inateleza kidogo," nilimwambia. "Mchana inashika."

Akaitikia kwa kichwa. 

Nilipomaliza nilitia pleti zilizoisha kwenye mkebe. Nikatafuta kalamu nene, nikaandika mwenyewe, polepole, kwa herufi zangu zinazoegemea upande. Mzee hajui kusoma. Aliuchukua ule mkebe, akautazama, akaniambia nimsomee.

"*Parsaloi. Ng'ombe. Majini na kurudi.*"

"Mama alikuwa akiandika hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Basi ni sawa."

Akafunga mkebe nyuma ya kiti kwa kipande cha mpira, akawasha, akatia gia ya kwanza, akaachilia klachi kabisa. Barabara ilikuwa wazi na hakukuwa na ng'ombe mbele yake. Angeweza kutia gia ya pili. Hakutia. Alikwenda mwendo uleule, mkono wa kushoto pajani, nami nikatembea kando yake mpaka njia panda.